Koti Kwenye Tundu la Hewa

Kaka,

Sisi wazima. Paka wa jirani amezaa tena.

Jumamosi nilimfungia Mama kichoma mafuta kipya cha kupashia nyumba joto. Kile chako cha zamani kilijaa masizi mpaka kooni. Nikakaza mabomba, nikawasha, nikaanza kurekebisha hewa kidogo kidogo huku nikipima moshi, maana moto unaopendeza machoni unaweza kukuua. Hilo ulinifundisha wewe.

Vipimo vikakataa. Kuzunguka chumba cha mashine, nikakuta tundu la hewa ukutani limezibwa na koti lako la kijani, lile uliloliacha siku ulipogombana na Mama. Nikamweleza Mama kwamba moto ukikosa hewa hutoa sumu isiyo na harufu; angelala asiamke.

"Upepo ulikuwa unaingia," akasema. "Na usiliguse. Mwenye koti akirudi atalitoa mwenyewe."

"Mama, mwaka wa sita huu!"

"Nani kakuuliza hesabu?"

Nikazima mashine, nikaketi naye kwenye baridi. Saa mbili nzima. Mwishowe akainuka, akalichomoa koti kwa mkono wake, akalikung'uta vumbi, akalivaa.

Nikawasha tena. Moto ni safi, vipimo vimetulia, na nyumba ina joto mpaka paka amehamishia watoto wake kwetu.

Leo ni Jumatano. Mama anatokwa jasho, na koti hajalivua.

Mdogo wako,
fundi uliyemwachia spana