Sale Lililokuja na Basi

Kibosho,
21 Januari 2007

Kwa Kaka Ronald,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu ndivyo mama alivyotulea, ingawa naandika kwa hasira. Natumaini hujambo, wifi Gladys hajambo, na watoto wameshafungua shule. Huku sisi wazima. Goti la mama la kushoto linamsumbua akishuka mferejini, lakini kanisani anakwenda mwenyewe na fimbo yake, hataki kushikwa mkono. Ng'ombe amezaa dume. Migomba ya nyuma ya nyumba imezaa mpaka tunaikingia miti isianguke. Basi, salamu zimekwisha, sasa nisome vizuri.

Siku ya Jumanne, Efraimu, yule kondakta wa basi la Dar, alinifuata dukani mjini akanipa bahasha ya kaki yenye jina langu. Nilidhani ni karatasi za mama za hospitali. Kufungua, nakuta jani la sale. Umelikunja mara mbili ili lienee, ncha zimeanza kukauka, na ndani kuna kikaratasi: "Dada, yaishe." Efraimu akanipa na daftari lake, eti ulisema nisaini kwamba nimepokea. Nisaini, Ronald! Kama mzigo wa matairi.

Wewe na mimi tumekulia kihamba kimoja, shamba moja la ukoo, tumewaona wazee wakipatanishwa kwa jani hilo. Mwenye kosa hulikata, hulishika mkononi mwake, hutembea nalo mchana watu wakimwona, hupiga magoti kwa aliyemkosea. Na aliyekosewa hana njia ya kulikataa hata kama moyo unamchemka. Hilo la kutokataliwa hukulisahau hata kidogo. La kutembea na kupiga magoti ndilo ulilolisahau. Umenikosea mbele ya ukoo mzima, halafu umeniziba mdomo kwa bahasha.

Tena jani lenyewe lina mstari wa njano katikati. La kwetu ni kijani tupu, hilo hata mtoto anajua. Hili umelichuma kwenye chungu cha maua cha hoteli, au mlangoni kwa ofisi yenu. Nimelinusa, linanuka dawa ya mbu.

Sasa nikukumbushe mambo yalivyokuwa, maana nasikia huko unasimulia kwa namna yako.

Mwezi wa kumi ulirudi kutoka Dubai na begi la vipuri ukaniletea, ukasema nimuundie mama kompyuta ndogo ya sebuleni. Iunganishwe na televisheni yake, ipige redio, ioneshe picha za familia, na zaidi ya yote iwe na kaseti zote za marehemu baba za kwaya, ili Krismasi ukoo ukae chini umsikie mwalimu wao. Nilifurahi, sikufichi. Miaka minane natengeneza redio na televisheni kwenye duka la Anwar, na hujawahi kunipa kazi hata ya kubadilisha fyuzi. Nikasema moyoni, leo kaka ameniona.

Niliiunda pale dukani, saa za chakula na jioni wateja wakishapungua. Kasha lenyewe halizidi vitabu viwili vya misa vilivyopangwa. Kwenye kasha kubwa waya hujilalia unavyotaka, humu kila waya niliukunja na kuufunga kwa uzi, la sivyo mfuniko haufungi na joto halina pa kutokea. Feni uliyoleta ilikuwa ndogo na inapiga kelele, mama akasema hawezi kusali rozari na cherehani ndani ya nyumba. Nikaitoa, nikatoboa mfuniko, nikaweka feni pana inayozunguka taratibu. Hadi diski, ile ya kuhifadhia nyimbo, nayo ilikuwa inatetemesha kabati lote la vyombo. Nikaining'iniza kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ikanyamaza. Kwa kuwa mama hasomi, nilimwekea picha badala ya maneno. Picha ya rozari ni redio, picha ya baba ameshika kile kijiti cha kuongozea kwaya ni kaseti. Siku ya kwanza alibonyeza mwenyewe rimoti, baba akaanza kuimba sauti ya nne na wenzake, mama akaketi na kijiko cha mboga mkononi mpaka mboga ikaungua.

Nyuma ya pawa saplai, kile kisanduku cha kuingizia umeme, kulikuwa na swichi ndogo nyekundu. Upande mmoja imeandikwa 230, ndio umeme wetu, upande wa pili 115, ndio umeme wa Amerika. Ilikuja kutoka Dubai imewekwa 115. Fundi wa wiki moja tu anajua kuitazama swichi hiyo kabla ya kitu chochote, kwa sababu ukichomeka hivyo kwenye umeme wetu, inapasuka hapo hapo. Niliirudisha 230, nikabandika plasta ya kidonda juu yake ili watoto wasiichezee. Plasta hiyo ikumbuke.

Kaseti zilikuwa kumi na saba. Kaseti huwezi kuiharakisha, ya saa moja inaingia kwenye kompyuta kwa saa moja. Kwa hiyo nilikuwa naiwasha ikijirekodi, napunguza sauti mpaka chini, nageukia redio za watu. Sikukaa kuzisikiliza. Tarehe ishirini na tatu tu ndipo nilipozipitia ili nikate mahali palipo kimya.

Siku ya Krismasi yenyewe hujaisahau. Tumetoka misa, ukoo wote umejaa sebuleni hadi barazani, pombe ya mbege inazunguka, baba mdogo Sirili amekalia kiti cha baba. Wewe umesimama katikati na rimoti, unaeleza watu kwamba mashine umeiagiza Dubai. Kwamba nani aliiunda, hukusema. Nyimbo nne zikapigwa vizuri, wazee wakalia. Halafu mlio ukapasuka, moshi ukatoka kabatini, televisheni ikawa nyeusi. Wewe hukuuliza kama mimi niliyekuwa nyuma ya kabati nimeungua. Ulisema, tena kwa sauti ya kusikika mpaka barazani, "Salvina ameuza pawa saplai yangu, akaweka takataka ya gulioni."

Baba mdogo Sirili akatikisa kichwa, akasema ndiyo maana mtoto wa kike haachiwi vitu vya kiume. Mama akanitazama akingoja niseme neno. Nikaenda jikoni nikaosha masufuria.

Jumatano yake binamu yetu Violet akaja dukani kuchukua televisheni yake, akasema ataipeleka kwa fundi mwingine, hivi hivi, macho chini. Watu wawili wa parokia wakafuata. Anwar, ambaye ameniachia funguo za duka miaka yote, aliniuliza kwa upole kama kuna tatizo lolote nyumbani. Kesho yake nikamkuta amefungua droo ya vipuri anavitazama kimoja kimoja. Alipogeuka akaona aibu kuliko mimi. Jamani, Ronald. Wewe ulikuwa umesharudi Dar na mashine yako kwenye buti ya gari, ukaifungue kwa fundi huko uwe na ushahidi.

Ukaifungua. Efraimu amenisimulia yote, maana ulimweleza. Fundi wako alisoma namba za pawa saplai akazilinganisha na boksi lako, zikawa zile zile. Akakuonesha pia kwamba ile swichi nyekundu ilikuwa upande wa 115. Ukaamua kwamba mtoto wa Violet ndiye aliyeichezea, ukachuma jani hotelini, ukaona yameisha.

Mtoto wa watu mwache. Ni mimi.

Ni mimi niliyebandua plasta nikaisukuma swichi kwa ukucha wa kidole gumba, mashine ikiwa inawaka. Nilijua kitakachotokea, nikaelekeza uso pembeni. Sasa kaa chini nikuambie sababu.

Kaseti ya kumi na moja, upande wa pili, baada ya nyimbo za Pasaka kuna ukimya mrefu. Nilipoufikia tarehe ishirini na tatu nikataka kuukata. Nikasikia kikohozi. Ni baba, anaongea Kichagga polepole, na kwa mbali kuku wa mama wanasikika. Anasema ni Jumatatu ya Pasaka na kwamba ameomba aachwe peke yake na redio ya kurekodia. Ni ule mwaka wa 2003. Tulimzika mwezi uliofuata.

Alizungumza habari ya kahawa yake. Unajua ninachosema. Alipokuwa amelazwa ulikata miti yote ya kahawa, ile iliyopandwa na babu, ukaweka nyanya za kuwauzia wafanyabiashara wa Mombasa. Ulisema kahawa haina bei, na kweli haikuwa na bei, sibishi, nusu ya Kibosho walikuwa wanang'oa. Lakini wenzako walikuwa wanang'oa ya kwao. Baba aliteremshwa kwenye gari akatembea hadi kwenye visiki, akavigusa kimoja kimoja, akaingia ndani akaomba mtori. Hakukukemea. Akala na wewe, akacheka na wewe, ukadhani ameridhika. Hukumwomba radhi hata siku moja.

Maneno yenyewe aliyosema ni haya, nimeyasikiliza mara nyingi kuliko nilivyotaka: "Ronald ndiye wa kwanza wangu. Asiushike udongo wa kaburi langu mpaka awe ameniletea sale kwa mkono wake."

Na wewe ndiye uliyetupa udongo wa kwanza, Kaka. Ukoo wote ulikuona.

Kumfutilia mbali baba sikuweza. Nilikata kile kipande nikakificha ndani kabisa ya hadi diski, mahali ambapo picha za mama hazifiki. Nikapanga kukueleza baada ya sikukuu, sisi wawili tu, mferejini. Lakini wewe na rimoti! Nyimbo nne zikakuchosha, ukabonyeza ile ya kupiga kila kitu kilichomo. Mimi nimechuchumaa nyuma ya kabati nakaza waya wa televisheni, nasikia kikohozi. Hakuna aliyekitambua, chumba kilikuwa na kelele za vikombe. Nilijua akishataja Pasaka, linalofuata ni jina lako. Ningechomoa waya wa umeme, ungeuchomeka tena, nakujua. Baba mdogo Sirili amekaa pale, wazee kumi na wawili wamekaa pale. Wangekuwekea kikao siku hiyo hiyo, na neno la marehemu hawalijadili. Ungekatazwa kihamba, na watoto wako pamoja nawe, na mama angekuwa ameketi hapo anasikia mumewe akimkataa mwanawe. Nikaisukuma ile swichi.

Sasa unaelewa nilivyosimama ndani ya ule moshi? Nimetoka kukuokoa, kidole bado kinawasha, na wewe unaniita mwizi. Nikasema moyoni, mwache, atajua. Halafu wiki zikapita sioni ukijua lolote, naona tu redio za watu zinatoka dukani. Nikaanza kukuchukia, nakuambia ukweli. Mara tatu nimeichukua ile kaseti nikafika mpaka getini kwa baba mdogo. Mara tatu nimerudi. Na bahasha yako ilipofika, nilikaa kuandika barua hii ili ikuumize, na kama imekuumiza sijutii.

Lakini na mimi nina kosa. Nimeichoma mali yako, nimemnyang'anya mama nyimbo za mumewe alizozizoea wiki moja tu, na nimekaa na neno la baba bila kukupa wewe uliyeambiwa. Kila jioni mama huikamata ile rimoti, huielekeza kwenye kabati, halafu huirudisha kwenye pindo la khanga. Kwa hilo nami natakiwa kukata sale langu, kwa mama na kwako.

Lako la hoteli sijalikataa na sijalipokea. Nimeliweka juu ya kabati la vyombo, pale mashine ilipokuwa. Linakauka.

Kaseti ninayo, ipo ndani ya kopo la chai chini ya kitanda changu, na hakuna mtu mwingine aliyeisikia. Imebaki sehemu moja tu sijakuambia, ambayo hata mimi niliikosa mara ya kwanza kwa sababu nilizima nikilia. Baba baada ya kusema yale aliinuka. Unasikia kiti kinalia, unadhani ameondoka. Kisha anarudi karibu na redio anasema kwamba amewaambia vibarua wafyeke mpaka wote wa shamba, lakini safu ya masale ya upande wa mfereji wasiiguse, ili Ronald akija asikose la kukata.

Safu ile ipo. Miaka yote hii mama ameipalilia bila kujua ni ya nini, kwa sababu tu baba alisema isiguswe. Jana nimekwenda kuitazama, imenipita kichwa.

Njoo, Kaka. Njoo na mashine, pawa saplai nitakutafutia mimi, na uje na pumzi ya kupanda hiyo njia kwa miguu kutoka barabarani, mchana, watu wakuone. Ukimaliza kwa baba kaburini, mimi nitakuwa jikoni. Sale langu utanikuta nalo mkononi, na lako nitalipokea.

Mama anakusalimu sana, anauliza kwa nini hupigi simu. Anwar naye anakusalimu, ni muungwana kuliko wewe. Mpe wifi Gladys mkono wangu, na watoto wabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awalinde wote mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Salvina