Rungu la Mnyororo Lililompeleka Yusuf Mandera

Waberi, Garissa. Jumatano mchana, Septemba 1996. Upepo wa vumbi, na moyo wangu vilevile.

...na hata hivyo bado nasema rungu lile lilikuwa zuri. Waliolichukua walichukue, lakini mume wangu alilitengeneza kwa mikono yake, na mikono ya Yusuf ikigusa kitu, hata kipande cha mgunga, kinakuwa kitu cha kutazamwa.

Ameondoka leo asubuhi. Lori la Mandera lilingoja msafara wenye askari, kisha likamchukua juu ya magunia ya sukari. Tumeoana siku arobaini tu. Hina ya arusi bado iko kwenye kucha zangu.

Nina uchungu. Nimetafuta neno lililo laini zaidi, nimelikosa.

Yusuf anafundisha historia sekondari. Alitaka kidato cha pili waelewe vita vya zamani vya Ulaya, na kitabu chao kina mchoro mmoja: mtu juu ya farasi anazungusha mpira wa chuma wenye miiba, unaning'inia kwenye mnyororo mrefu. Yusuf aliuchukia mchoro ule. Alisema mpira kama huo ulivuma zaidi kwenye picha kuliko vitani, na wapo wanaotilia shaka kama ulitumika sana. Silaha ya kweli ilitoka shambani. Wakulima wa huko walikuwa na fimbo mbili zilizounganishwa, ndefu ya kushika na fupi ya kupigia masuke. Wapokomo wa kando ya Tana hupura mpunga kwa fimbo, ila ile ya Ulaya ilikuwa na kiungo. Vita vilipofika, mkulima hakuwa na upanga. Akaivisha ile fimbo fupi pete za chuma, akapigilia misumari, akaenda nayo.

Mimi ni binti wa wafugaji wa Kotile, sijawahi kupura kitu. Nilimsikiliza kidevu changu kikiwa juu ya goti lake. Angeniambia habari za kokoto ningesikiliza.

Alhamisi alilitengeneza rungu lake uani. Mpini wa mgunga, kichwa cha mti mgumu, na katikati pete tatu tu kutoka mnyororo wa lango bovu. Mnyororo ukiwa mrefu, alisema, kichwa humrudia mwenyewe. Askari wa miguu alishika refu kwa mikono miwili, wa farasi akashika fupi kwa mmoja. Na uzuri wake ni kwamba ngao huzuia mpini, lakini kichwa hujikunja juu ya ukingo wa ngao na kumfikia mtu aliyejificha nyuma yake.

Akanipa mfuniko wa sufuria niwe na ngao. Akapiga polepole. Kichwa kikapita juu ya mfuniko, kikagusa shungi langu kama mtu anayeniita. Kisha akasogea pembeni, akazungusha kwa nguvu peke yake, likamrudia kwenye kiwiko.

"Hilo nalo," akasema huku amekunja uso, "ndilo tatizo lake."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamkanda kwa mafuta ya simsim. Sijui kama kuna mwanamke aliyewahi kuwa na mchana mzuri kama ule.

Sasa niseme kosa langu.

Ijumaa nilikuwa bombani na akina mama. Edo Maryan, yaani shangazi Maryan, jirani yetu, mtu mzima wa kuheshimiwa lakini mdomo wake hauna breki, akaniuliza, "Abaayo, dada yangu, jana kwenu kelele ya nini? Arusi juzi tu, mmeanza kupigana?"

Wote wakacheka. Ningeweza kusema ni fimbo ya somo. Lakini nilitaka wajue nimeolewa na nani.

"Edo, mume wangu ametengeneza silaha."

"Silaha?" Ndoo yake ikafurika asiione.

"Wallahi. Ya kivita kabisa. Garissa nzima hakuna mwingine mwenye kama hiyo."

Ya kivita kabisa! Nililisema neno hilo katika mji huu, ambapo mtu huulizwa kitambulisho mara mbili kabla hajafika sokoni.

Jumamosi wakaja askari watano. Walipasua godoro letu jipya, wakamwaga unga, wakitafuta bunduki. Mmoja akalikuta rungu nyuma ya mlango.

"Hii nini?"

"Kifaa cha kufundishia," Yusuf akasema.

"Bibi yako anasema ni silaha."

Yusuf akanitazama. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ni kweli ni silaha," akasema. "Ya miaka mia sita iliyopita."

Mmoja wao alicheka. Wakachukua rungu na mwenye rungu. Yeye walimrudisha kabla ya alasiri.

Jumatatu ikaja barua ya uhamisho: shule moja Mandera inahitaji mwalimu wa historia. Juma lililopita haikuhitaji. Barua haisemi neno lolote kuhusu rungu. Huko walimu wanalala wanne chumba kimoja, mke hana pa kukaa. Mama mkwe ananiambia nitulie mpaka likizo ya Desemba.

Edo Maryan aliniletea chai ya maziwa, macho chini. "Mimi niliambia watu wawili tu," akasema. Nitamlaumu vipi? Mimi niliambia bomba zima.

Na kidato cha pili hawakuliona rungu. Wamebaki na ule mchoro.

Leo asubuhi nililia mbele ya wapakiaji mizigo bila haya. Yusuf akainama kutoka juu ya lori. "Usiache kusema kwa sababu ya hili," akaniambia. "Mdomo huo nilioa nikiujua." Kisha lori likaondoka.

Desemba ni mbali. Wanaosema ni karibu hawajui sauti ya nyumba hii.

Yusuf, hii ni shajara yangu, lakini leo nakuandikia wewe. Tafuta chumba, hata cha makuti, hata kisicho na mlango. Nitazungumza na mama yako taratibu. Akikataa nitazungumza tena. Msafara unaondoka kila wiki, na magunia uliyokalia wewe yatanibeba na mimi. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja. Mwambie mlinzi wa lango la shule jina langu, na umwambie kabisa kwamba mimi ni mke wako, si mgeni.