Kalamu Iliyoacha "Mama"

Dada Riziki,

Leo nimesikiliza tena sauti ya yule mama wa Luberizi, nikakuona mezani kwako, katika redio yetu ya Uvira, wakati wa vita.

Risasi ilikuwa imepita kwenye kiganja chako cha kulia, vidole havikunjiki tena. Kipanya cha kompyuta kilikushinda, na mkata sauti asiyeweza kubonyeza hana kazi. Ndipo ukaja na tableti ambayo binamu yako aliitumia kuchorea maua ya kadi za harusi: kibao cheusi kama cha watoto wa shule, na kalamu yake. Ulijifunga kalamu mkononi kwa kipande cha kitenge, ukawa unaiongoza kwa bega. Mkurugenzi akacheka.

"Weye Riziki, unaturudisha darasa la kwanza na ardwazi?"

"Ndiyo, shefu. Na weye utakaa nyuma."

Yule mama aliwaona waliomuua mume wake kwenye mashamba ya mpunga. Sasa alikuwa amejificha mtaani Kilibula, na wenzao walikuwa wakipita mitaa hiyo. Tulimwahidi hatajulikana. Tukafuta jina lake la ubatizo, sauti tukaishusha ikawa nzito. Mkurugenzi akasema iko tayari.

"Bado," ukasema. "Jina la mutoto iko."

Ukarudisha nyuma. Alikuwa akieleza jinsi muuaji mmoja alivyomwita: "Mama Neema, toka." Kilibula nzima hapakuwa na mtu aliyelijua lile jina la ubatizo. Wote walimwita Mama Neema.

Uliipitisha kalamu juu ya kibao bila kukigusa. Kwenye skrini mshale ukatembea juu ya vilima vya sauti. Kisha ukakandamiza. "Neema" ikatoka. "Mama" ikabaki, na pumzi iliyofuata ikabaki vilevile. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na sikujua kwamba jina na pumzi vinaweza kutenganishwa. Mkurugenzi alivuta kiti chake taratibu, akakaa nyuma yako.

Mapigano yalipofika mjini ulivuka mpaka na kibao chako, sijui uko kambi gani. Kuna jambo uliondoka hujalisikia, alinisimulia yule mama mwenyewe. Sauti ile iliporushwa hewani, yule mama alikuwa uani na jirani zake, redio katikati yao. Mmoja akamwuliza: "Mama Neema, huyu mama anayelia ni nani?"

"Miye nitajua wapi? Ni mama wa muntu."

Popote ulipo, dada, mkono usikuchoke.

Kaka yako wa meza ya pili