Mume wangu hajui kwamba hasikii

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo, maana siku hiyo mume wangu anaitwa tena mbele ya jopo la madaktari wanaopima watu walioumia kazini, na mimi ndiye niliyemharibia mara ya kwanza, na sijamwambia mtu isipokuwa wewe, ambaye hunijui wala sikujui, na ndiyo maana naweza.

Mume wangu ni fundi wa majenereta. Alifanya kazi kiwandani kwenye chumba cha majenereta tangu kabla hatujaoana, chumba chenye mlango wa chuma na kelele ambayo hata ukisimama nje unaisikia kwenye meno, na vile vya kuziba masikio waliletewa mwishoni mwishoni, wakati masikio yenyewe yalikuwa yameshakwenda. Wenzake walimwita Daktari, kwa sababu alikuwa anaweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, anafumba macho, kisha anakuambia ni beringi gani inakufa, na alikuwa hakosei, na mimi nilimpenda kwa mambo mengi lakini na hilo lilikuwemo.

Sasa mshauri, sikio halikatiki kama kidole, kwamba jana lilikuwepo na leo halipo, lilikwenda polepole na mimi nikawa naenda nalo. Binti yetu wa mwisho alipozaliwa alikuwa analia usiku kucha na baba yake kalala fofofo, nikasema maskini amechoka na zamu. Akaanza kulalamika kwamba namsemesha nikiwa jikoni, nikawa natoka jikoni ndipo niseme. Nikazoea kumkabili, nikazoea kuyachora maneno kwa midomo, hata bila kutoa sauti, na yeye akazoea kunitazama bila kujua kwamba ananitazama. Wageni wakisema jambo nalirudia kama vile nalishangaa, eti ukuta wa shule umeanguka, na yeye analipata hapo. Simu napokea mimi. Taa ya sebuleni nawasha na kuzima kabla sijaingia asije akashtuka. Watoto nimewafundisha wamguse mkono kwanza, wasimame mbele yake, ndipo waseme, na sikuwaambia kwa nini, hadi mwaka huu mwalimu wa yule binti wa mwisho akaniita akaniuliza mbona mtoto huyu hawezi kumsemesha mtu bila kumshika mkono. Nilicheka mbele ya mwalimu, nikafika nyumbani nikalia.

Chumba kile kilipofungwa, mwakilishi wa wafanyakazi alipeleka madai ya fidia kwa niaba ya wote waliofanya kazi humo, na mume wangu akakubali kuandikwa kwa mzaha tu, akasema kama wanagawa na yeye apewe. Tulipokwenda kupimwa tulikuta kibanda cha kupimia masikio, kile ambacho mtu anafungiwa peke yake na kuvalishwa vidude vya kusikilizia, kimeharibika, basi daktari wa jopo akaamua kumpima kwa mazungumzo. Mimi nilikaa pembeni ya daktari. Naapa sikukusudia. Daktari anauliza huku ameinamia karatasi zake, mume wangu ananitazama mimi, na midomo yangu inarudia swali yenyewe kama inavyofanya nyumbani kila siku, na yeye anajibu vizuri kabisa, tena kwa utani, daktari mpaka akacheka. Majibu yakaja kwamba upungufu wake ni mdogo na haustahili fidia. Mwenzake waliyekuwa wakipokezana zamu, anayesikia kuliko yeye, alipewa, akaweza kununua vifaa vya kusaidia kusikia, na yote ni kwa sababu mkewe alikuwa amenuna siku hiyo na hakwenda naye.

Mwanasheria wa chama cha wafanyakazi amekata rufaa. Juzi alinivuta kando akaniambia, "Mama, siku hiyo usiingie. Ukiingia tumekwisha." Nikarudi nikamwambia mume wangu kwamba safari hii aingie peke yake. Akaniangalia kwa mshangao.

"Niingie peke yangu kwani nimekosa nini?" akasema. "Twende wote kama kawaida. Tena wanasumbua watu bure, mimi nasikia vizuri tu. Ni watu wa siku hizi wanamung'unya maneno."

Hakuwa anatania. Ndipo nikaelewa kwamba mwenzangu hajui.

Na kuna lingine. Sasa hivi anatengeneza majenereta ya watu hapo uani kwetu. Akimaliza anaweka bisibisi nyuma ya sikio, anafumba macho, anasema limepona, na mimi nimesimama mlangoni nalisikia linavyogonga. Mwenye nalo namwambia apitie kesho yake, halafu nalipeleka kimyakimya kwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, naye ni fundi na kazi alifundishwa na kaka yake huyuhuyu, analirekebisha ndipo linarudi kwa mwenyewe. Mara moja shemeji alikuwa safarini, nikaliacha likaenda hivyohivyo, likafa baada ya siku chache, na mwenyewe akaja kufoka mlangoni kwetu. Ana masharubu yamefunika mdomo wote, hivyo mume wangu hakuambulia kitu, akanigeukia mimi, nami nikamwambia jamaa amekuja kushukuru. Akampa mkono. Yule bwana alibaki ameduwaa na mkono wake ndani ya mkono wa mume wangu.

Sasa nauliza, niingie nifunge mdomo, au nikae nje nimwache aumbuke mbele ya watu, na akitoka humo ameshajua, ataniangaliaje mimi niliyejua siku zote. Nampenda, mshauri, na nimechoka. Kuna wakati natamani niseme neno moja tu bila kulichora.

Ni mimi,
Mke wa Fundi

*

Mke wa Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili na mara zote mbili nilikuwa natafuta nukta nipumzike. Sikulaumu. Mtu aliyesema kwa niaba ya wawili muda wote huo, akipewa karatasi yake mwenyewe lazima amwage.

Pole sana, na pole hiyo ichukue yote, kwa sababu sasa nakugombeza.

Unadhani kosa lako lilikuwa kwa daktari. Pale sina neno na wewe. Daktari anayepima masikio ya mtu kwa maongezi, mke akiwa amekaa pembeni yake, ana lake la kujibu. Nina ugomvi na wewe kuhusu yale ya mlangoni. Mtu mzima amempa mkono mwenzake anayemtukana, akidhani anashukuriwa, na wewe ndiye uliyempangia. Ulitaka kumwepusha na aibu, ukamvika aibu ambayo kila mtu anaiona isipokuwa yeye.

Nyumbani kwa fundi stebilaiza haikosekani. Umeme wa mtaani ukishuka inaupandisha, ukizidi inaupunguza, na friji halina habari. Kifaa kizuri kabisa. Lakini mtu akitaka kujua hali ya umeme wa mtaani hapimi kwenye friji, anapima kabla haujafika kwenye stebilaiza, na hilo mumeo anaweza kukufundisha akiwa usingizini. Siku ile jopo lilipima kwenye friji. Likaona mambo shwari, likaandika shwari.

Nilimuuliza daktari wa masikio ninayemwamini kama inawezekana kweli mtu asijue. Akasema anawaona kila wiki. Sikio likipungua taratibu, macho na akili vinachukua kazi yake bila kuomba ruhusa, na mwenyewe anabaki kulalamika kwamba watu wanamung'unya maneno. Kwa hiyo mumeo si mkaidi na wala hakudanganyi. Hata bisibisi yake hajidanganyi nayo, kuna kitu anakipata pale, mtetemo kwenye mfupa, ila si kile alichokuwa anakipata. Daktari akaongeza jambo ambalo usilipuuze, kwamba akili iliyokaa muda mrefu bila sauti inazisahau, na kila anavyochelewa kuvaa vifaa ndivyo vitakavyomsaidia kwa shida. Wema wako wa kila siku unamchelewesha.

Nikamuuliza na mwanasheria. Huyo alinijibu bila huruma, kama wanavyojibu. Fidia inaangalia mtu amepoteza nini na kama kazi ndiyo iliyompotezea. Jasho la mke wake halimo kwenye faili, tena likifanya kazi vizuri linafuta hasara yenyewe, kisha wewe unabaki umechoka na yeye anabaki mikono mitupu. Mwombe mwanasheria wenu aandike barua leo, asingoje kesho, kudai kwamba kipimo kifanyike kwenye kibanda kizima, na kama cha hapo bado kibovu mumeo apelekwe hospitali yenye kinachofanya kazi. Shemeji yako naye aseme anachokijua kuhusu hayo majenereta, aseme ukweli bila kutia chumvi. Na usithubutu kumfundisha mumeo kuigiza. Hana haja ya kuigiza, na wakimkamata na uongo mdogo watamnyima hata kile cha kweli.

Biashara ya kupeleka majenereta kwa shemeji kwa siri ikome leo. Jenereta bovu linawaka nyumbani kwa mtu, karibu na watoto wa mtu. Kama shemeji atakagua, akague uani kwenu, mchana, kaka yake akiwa amesimama hapo.

Alhamisi utakaa nje, tena mbali na mlango, ikiwezekana ulipe jengo mgongo. Lakini asiingie mle ndani bila kujua. Ukimwacha agundue mbele ya jopo, kwenye kibanda, peke yake, wakimwambia bonyeza kitufe ukisikia na yeye anangoja sauti ambayo imeshapita, hilo hatakusamehe na mimi sitakuombea.

Kwa hiyo utamwambia wewe. Jumapili mchana, watoto wakiwa nje, zima redio, kaeni penye mwanga. Usiende nyuma yake ukamwita ili umthibitishie. Huo utakuwa ukatili, na ukatili hauhitajiki hapa. Kaa mbele yake umwambie kwa midomo ileile aliyoizoea, neno kwa neno. Mwambie kuhusu kile kikao cha daktari. Mwambie yule mwenye masharubu alisema nini hasa. Mwambie kwa nini mtoto wake anashika watu mikono.

Atakataa. Atasema umechoka, na hapo hatakosea. Atatoka aende uani, awashe jenereta lolote lililopo, aweke bisibisi nyuma ya sikio. Mwache. Usimfuate, usisimame mlangoni kumsaidia kusikia. Pengine hatakusemesha siku mbili tatu, na katika siku hizo taa ya sebuleni usiiguse.

Sitakudanganya kwamba mkishapita hapo nyumba itachangamka. Vifaa vinasaidia, havirudishi. Fidia hata wakiitoa yote haitakuletea yule kijana aliyefumba macho akakutajia beringi inayokufa. Huyo ameshakwenda, mama, na wewe hujapata hata nafasi ya kumlilia, kwa sababu ulikuwa na kazi ya kuonyesha kwamba bado yupo. Mlilie sasa. Nakuruhusu.

Kisha ataingia ndani, atakaa, na atakuuliza ni tangu lini. Naijua midomo yako kwa barua moja tu, itataka kumpunguzia. Usimpunguzie hata kidogo. Mwambie ni tangu binti yenu wa mwisho alipokuwa analia usiku, na yeye amelala pembeni yake.