Sindano ya Mama Zaina

Kamina, Jumatano

Wivu umenikaba tangu asubuhi. Jana Mama Zaina, wa kitanda cha jirani, alipasuliwa titi lenye saratani kwa sindano ya ganzi ya kifuani, akiwa macho. Mama yangu, mwenye ugonjwa huohuo, alikataa kupasuliwa kabla kaka yake hajafika kutoka Bukama kutoa ruhusa. Mjomba amefika leo, lakini mtaalamu wa ganzi ile ameondoka. Kesho Mama atapewa dawa ya usingizi.

Nimesoma kwamba huenda ganzi huuachia mwili kinga zaidi dhidi ya saratani iliyobaki kuliko dawa ya usingizi. Daktari anasema haijathibitishwa. Ningependa kumwamini.

“Mama, ungekubali tu jana, kama Mama Zaina…”

“Mutoto wangu, ule mama hana hata ndugu mumoja wa kungojea. Unamuonea wivu juu ya nini?”

Bado namwonea wivu.