Shosho Alitia Dawa Kwenye Chai Yangu

Mpendwa Bi Viola,

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, naishi Mwihoko na nyanya yangu, ambaye namwita shosho, na ninaomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika kwa sababu sina mwingine wa kumwuliza bila kumwaibisha yeye. Nina pumu tangu utotoni, na mwaka huu niliitwa kliniki moja ya Thika ambako wanafanya utafiti ili wajue ni vitu gani vinavyowakosesha watoto pumzi, na watakaoandikishwa watatibiwa kulingana na majibu yao, nami nilifurahi sana maana natamani nimalize muhula mmoja bila kubebwa kutoka darasani. Kipimo chenyewe ni matone ya vitu hivyo wanayokuwekea mkononi, wanakudunga kidogo juu ya kila tone, kisha wanasubiri kuona lipi litavimba. Kwangu hakuna lililovimba, hata lile ambalo Sista Katunge, muuguzi wa hapo, alisema huvimba kwa kila mtu, mgonjwa au mzima. Akaniuliza, "Kui, umemeza dawa yoyote ya mafua au ya kujikuna?" Kabla sijajibu shosho akasema, "Huyu leo amekunywa chai tu." Sista akatuangalia, akasema turudi Jumatatu, na ikiwa hivyo tena hataweza kuniandikisha.

Jioni tukiosha vyombo nilimwambia shosho sielewi kwa nini nilisinzia asubuhi yote. Akacheka. "Ile tembe yako ya kujikuna niliisaga nikaitia kwenye chai. Kwani ningekupeleka kwa madaktari ukijikuna kama kuku mwenye viroboto? Wangechukua watoto wazima wakuache. Jumatatu nitaweka mbili." Nilipomweleza kwamba ndiyo iliyoharibu kipimo, akasema, "Basi nenda uwaambie shosho yako ni mwongo." Tangu hapo hataki tuongee. Bi Viola, huyu ndiye huniketisha wima na kunisugua mgongo hadi pumzi irudi. Nikisema nitamwaibisha, nikinyamaza nitapoteza nafasi. Nifanye nini?

Kui, Mwihoko

Kui,

Pole, na umefanya vyema kuandika mapema. Lakini acha kudhani kuna siri unayoilinda. Sista anashuku tayari. Lile tone la kila mtu huwekwa kwa sababu hiyo hasa: lisipovimba, kuna dawa mwilini inayozuia, ndiyo maana aliuliza kuhusu dawa. Shosho yako alifanya kosa kwa mapenzi, lakini ni kosa. Watafiti wanataka kumwona mgonjwa jinsi alivyo, na majibu ya uongo yangekunyima tiba na kuwapotosha kuhusu wenzako. Tena kumtilia mtoto dawa kisiri ni hatari. Mwambie nimesema mimi.

Leo, si Jumapili, mwombe akupe hizo tembe uziweke wewe. Usimhubirie. Mwambie tu, "Shosho, wanataka kuniona nikijikuna." Kisha pigieni kliniki simu, mseme ni dawa gani na uliinywa lini, kwa kuwa hukaa mwilini siku kadhaa na huenda wakasogeza tarehe. Kusogezewa tarehe si kufukuzwa. Inhela yako ya kuvuta pumzi usiiache hata kidogo, ila sista mwenyewe akikuambia.

Shosho akikataa kusema, sema wewe, lakini akiwa ameketi kando yako. Usimseme akiwa hayupo. Alidhani mtoto mgonjwa sana hatakiwi, na hofu hiyo haitatoka kwa kukemewa. Sista na amweleze kila tone ni la nini. Siku ya kipimo mkono mmoja utakuwa wa sista. Ule mwingine mpe shosho aushike.