Msimu wa Nyumbu

Naserian mjukuu wangu, supa. Natumai baridi ya Eldoret haikusumbui. Huku Kitengela mvua imenyesha, na mgongo wa mama yako umepata nafuu.

Umeuliza kwa nini sijaweka fensi kama majirani. Nikiwa msichana, mvua kama hii ilipootesha nyasi tamu kwenye ardhi yetu ya mawe ya chokaa, baba alihamisha ng'ombe wote kwenda milimani. Nilikasirika sana. Basi akanipeleka nikaone. Nyumbu walijaa uwanda mzima, wakizaa. Ndama mmoja alianguka mbele yetu, bado amelowa. Akasimama, akaanguka, akasimama tena, halafu huyo, anakimbia na mama yake! Nililia, na sikuwa na huzuni.

"Nyumbu wakizaa, ng'ombe wetu wakila hapa wanaambukizwa ugonjwa," baba alisema. "Msimu huu nyasi ni zao."

Siku hizi wanakuja wachache tu. Jana asubuhi mmoja alizaa karibu na tangi la maji. Nimefungia ng'ombe bomani, nimeketi mlangoni, mdomo wazi kama yule msichana. Ningeweka fensi, angezalia wapi?

Ukija, tembea polepole. Bado wako hapa.

Koko wako